Sura ya Sita: Abiria wa Kiti cha Tisa

Kiti cha tisa kilikuwa na mtu. Hilo ndilo lililomsumbua Inspekta Nishikado Fumie.

Simu kutoka kituoni kwake Sapporo ilimkuta kwenye mgahawa wa kileleni mwa Nakayama, saa tisa na dakika kumi alasiri, kiazi cha kukaanga kikiwa bado kinamuunguza ulimi. Alikuwa akirudi mjini kutoka kutoa ushahidi mahakamani, akakwama pale kama wengine wote. Theluji ilikuwa ikipiga kwa ubavu tangu saa nane. Mageti ya barabara yalikuwa yameshushwa pande zote mbili za mlima, umeme ulikuwa umekatika, na madirisha yalikuwa meupe kana kwamba mtu ameyabandika karatasi kwa nje. Ndani walijazana watu wapatao sitini. Thelathini na nne kati yao walikuwa abiria wa basi moja la matembezi ya siku, lililotoka Sapporo asubuhi, likapita chemchemi za Noboribetsu, kisha Ziwa Toya, na sasa lingekuwa njiani kurudi nyumbani kama njia ingekuwepo.

"Mzee anaitwa Kurimoto Tatsuo, miaka sabini na tisa, alifiwa na mkewe miaka miwili iliyopita," afisa wa zamu alimwambia. "Alipanda basi hilo asubuhi, kiti cha tisa. Mchana binti yake kaenda kwake kumpelekea mboga, kakuta nyumba imefagiliwa, friji tupu, funguo zote zimepangwa mezani, kila mmoja na kikaratasi chake. Dawa za moyo zipo palepale, hajazigusa. Hebu mwangalie tu, Inspekta. Mwambie ampigie binti yake."

Kumwangalia tu. Kazi ya dakika mbili.

Fumie alimkuta mwongozaji wa basi karibu na jiko la mafuta ya taa, akigawa vikombe vya chai. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, kofia ndogo ya bluu imekaa sawasawa kichwani, jina lake Minagawa Chise.

"Wapo wote, afande," alisema kabla hajaulizwa mara mbili. "Thelathini na nne. Nimehesabu Noboribetsu, nimehesabu ziwani, nimehesabu hapa mara mbili. Miaka mitatu kazini sijawahi kumwacha mtu."

"Naamini. Nionyeshe wa kiti cha tisa."

Chise aligeuka, akanyosha mkono akiwa amefungua kiganja juu, kwa sababu kumnyoshea mgeni kidole ni utovu wa adabu. Kila abiria alikuwa na beji ya duara kifuani yenye namba ya kiti chake. Kiganja kilipita juu ya watu kama mtu anayepapasa manyoya ya paka, kikasimama kwenye ukuta wa mbali.

"Yule pale. Tisa."

Beji ilisema tisa. Aliyeivaa alikuwa amejikunyata kwenye benchi, kofia ya sufu imeshuka hadi nyusi, barakoa imepanda hadi chini ya macho, na magotini amekumbatia boksi lililofungwa vizuri. Fumie alimsogelea, akachuchumaa.

"Samahani. Naomba jina lako."

"Kurimoto." Sauti ilikuwa ya mwanamke.

"Kurimoto nani?"

Alilikumbatia boksi zaidi. Kisha, polepole: "Tatsuo."

"Mama yangu, Tatsuo ni jina la kiume. Wazazi wako walikuwa watu wa mzaha?"

Macho juu ya barakoa yalifumba. Nyuma ya Fumie, kikombe kilianguka. Chise alikuwa amesimama hapo, chai ikimwagikia viatu vyake, wala haoni.

"Lakini nilihesabu," alisema. "Nilihesabu."

*

Waliingia stoo ya jikoni, wakakaa juu ya magunia ya viazi. Pumzi za watu watatu zilionekana hewani. Fumie alichagua chumba kile kwa sababu moja tu: karibu na kidirisha chake ndipo simu iliposhika mtandao, mstari mmoja, ukija na kuondoka. Betri ilikuwa na asilimia kumi na tisa. Simu ya mezani ya mgahawa ilikuwa imekufa pamoja na umeme.

Mwanamke alivua barakoa. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na nane hivi, mashavu mekundu kwa baridi, mikono ya mtu wa kufua na kupiga deki.

"Naitwa Orikasa Mitsue. Nafanya usafi kwenye hoteli moja ya chemchemi. Mimi si mwizi, afande."

"Sijasema wewe ni mwizi. Mwenye beji hii yuko wapi?"

"Alinipa mwenyewe. Binti yangu yuko hospitali Sapporo, uchungu umemwanza wiki tano kabla ya siku zake. Basi la abiria limefutwa kwa sababu ya theluji, treni imefutwa. Nilikuwa nimekaa kwenye kibanda cha kituo nalia kama mjinga. Yule mzee akaja, amevaa koti la kijivu, akaniuliza nina nini. Nikamwambia. Akavua beji yake akanibandika hapa." Aligusa kifua. "Akasema, mimi nimefika ninakokwenda, kiti changu kinarudi mjini kitupu, kwa nini usikikalie wewe."

"Ungeniambia tu!" Chise alifoka. "Ningekukataza nini?"

"Ungekataa, binti. Kanuni. Ninyi wa mabasi ya matembezi hampokei mtu asiyeandikishwa. Mzee mwenyewe alisema hivyo. Alisema, ukijitambulisha watakushusha. Vaa kofia, vaa barakoa, nyamaza, ukifika Sapporo umshukuru yule msichana."

"Alishukia wapi?" Fumie aliuliza.

Mitsue aliangalia boksi magotini.

"Noboribetsu."

"Saa ngapi?"

"Baada ya chakula cha mchana. Alisema anakwenda kwa dada yake."

Fumie alipiga simu kituoni, akatamka maneno yaliyohitajika bila kupoteza hata moja: Noboribetsu, mzee, koti la kijivu, bila dawa. Akakata. Asilimia kumi na sita. Kisha akamgeukia Chise, ambaye alikuwa amevua kofia yake na kuishika kama sahani.

"Ulivyohesabu, ulikuwa unatazama nini?"

"Beji."

"Si nyuso?"

"Afande, huwezi kumkodolea mgeni macho usoni. Tunafundishwa siku ya kwanza. Kiganja wazi, macho kwenye beji, tabasamu." Aliigeuza kofia mikononi. "Alikuwa mpole sana. Asubuhi aliniuliza hivi: mtu mmoja akichelewa, wengine wote mnawasubirisha? Nikasema ndiyo, hatumwachi mtu. Akasema, masikini, kumbe mmoja anaweza kuwaharibia siku watu thelathini na tatu. Nikacheka. Nilicheka, afande."

Mlango ulisukumwa. Kichwa cha bibi mmoja chenye nywele za zambarau kiliingia, beji ya kumi na nne kifuani.

"Mwanangu, huyo mama kafanya nini? Sisi tuko nyuma yake kwenye basi, mimi na mzee wangu. Tulidhani kabadilishana kiti na yule mzee. Alituletea machungwa. Mwizi hagawi machungwa."

"Asante, mama. Tafadhali funga mlango."

"Bibi Dewa," alijitambulisha, akaufunga mlango, yeye akiwa upande wa ndani.

Simu ililia. Ilikuwa sauti ya kijana aliyesimama nje kwenye upepo.

"Inspekta? Konstebo Haga, kituo kidogo cha Ziwa Toya. Nimeambiwa nipeleke tingatinga langu la theluji Noboribetsu likasaidie kutafuta. Ninalo moja tu. Likishavuka daraja halirudi leo, njia inaziba nyuma yake. Niko nalo hapa njia panda. Nilipeleke?"

"Nipe dakika kumi."

"Kumi ninazo, Inspekta. Ishirini sina. Giza linaingia saa kumi na robo, na huku ni nyuzi tisa chini ya sifuri."

Alikata. Asilimia kumi na nne. Upepo uliupiga ukuta wa stoo, na unga mwembamba wa theluji ukapenya kwenye ufa wa kidirisha, ukatua juu ya magunia bila kuyeyuka.

Fumie alimtazama Mitsue kwa utaratibu, tangu juu hadi chini, kama alivyozoea kuangalia chumba kabla mtu hajakigusa. Kofia ya sufu, yake. Koti, lake, lina jina la hoteli mgongoni limegeuzwa ndani. Buti, zake. Glavu...

"Hizo glavu ni kubwa kwako."

Mitsue aliinua mikono yake. Zilikuwa za ngozi, za kiume, ncha za vidole zikining'inia tupu.

"Zake. Nilitoka mbio hotelini bila glavu. Akanivalisha."

"Yeye akabaki na nini?"

"Akaweka mikono mfukoni. Akasema hatazihitaji tena."

Neno lile la mwisho lilibaki hewani. Mitsue mwenyewe alilisikia kwa mara ya kwanza. Fumie aliona uso wake ukibadilika, akalisogeza gunia lake karibu.

"Mama Orikasa, nitakuuliza swali moja, na sitakuuliza tena. Mkewe Mzee Kurimoto alifariki miaka miwili iliyopita. Leo asubuhi kafagia nyumba, kapanga funguo, kaacha dawa mezani. Hakukuambia ukweli, nadhani unaliona hilo. Sasa mimi nina tingatinga moja na dakika nane. Ulipanda wapi?"

"Alinifanya niahidi," Mitsue alisema.

"Uliahidi nini?"

"Alinipeleka kwa mjukuu wangu, afande. Mtu aliyekufanyia hivyo, ukimvunjia ahadi..." Alikaza mikono kwenye boksi. "Alisema Noboribetsu. Alisema, wakiuliza, sema Noboribetsu. Ndivyo nilivyosema."

"Hukusema ulipanda Noboribetsu, basi. Umesema yeye alisema useme."

Mitsue aliinamia boksi. Alikuwa amekwama kati ya maneno yake mwenyewe, na machozi yalianza kumtoka pasipo sauti. Fumie hakutaka kuyasukuma. Machozi huchukua muda, na muda hakuwa nao. Akaangalia boksi.

"Hilo nalo ni lake?"

"Ni la binti huyu." Mitsue alimwonyesha Chise kwa kidevu. "Zawadi ya kushukuru. Nimpe tukifika Sapporo, si kabla."

"Tumeshafika mbali vya kutosha. Mpe sasa."

Chise alilipokea kwa mikono miwili na kuinama, kwa mazoea tu, na mara akaona aibu kwamba ameinama. Lilikuwa boksi la manju, maandazi ya mvuke yenye maharagwe matamu ndani, aina ambayo kila anayetoka matembezini huwaletea wenzake. Juu yake ulizungushwa ukanda wa karatasi nyeupe ya zawadi, katikati umechorwa fundo la nyuzi nyekundu na nyeupe, na juu ya fundo maneno yameandikwa kwa brashi na wino: Kwa Bibi Mwongozaji, Shukrani.

Fumie aliligeuza. Chini palikuwa na lebo ndogo nyeupe. Vitu vibichi haviuzwi bila lebo.

"Yametengenezwa leo, saa saba na dakika arobaini mchana," alisoma. "Yaliwe leo. Binti Minagawa, saa saba na dakika arobaini basi lako lilikuwa wapi?"

Chise hakuhitaji kutazama ratiba. "Ziwa Toya. Tuliingia saa saba na ishirini, tukaondoka saa nane na kumi."

"Na Noboribetsu?"

"Tulishaiacha zaidi ya saa nzima."

Mitsue alijifunika uso kwa zile glavu kubwa.

"Hoteli yangu iko ziwani," alisema ndani ya ngozi. "Nilipandia ziwani. Nisamehe. Nisameheni nyote."

Fumie alikuwa ameshabonyeza simu. Mtandao ulikuwa umeondoka. Alipanda juu ya gunia, akasogeza simu kwenye kidirisha mpaka barafu ya kioo ikamshika kucha. Mstari ulirudi.

"Haga! Usivuke daraja. Yuko kwako, ziwani."

"Ziwa lina mzunguko wa kilomita arobaini na tatu, Inspekta. Yuko wapi ziwani?"

"Subiri hapo hapo."

"Kwani naweza kwenda wapi?" alisema yule kijana, si kwa ujeuri, akakata. Asilimia kumi na moja.

"Labda kaenda kulala hoteli," Chise alisema. Alilisema kwa matumaini makubwa. "Labda kapata rafiki, wanakunywa sake, sisi huku tunajitisha bure. Inawezekana, si inawezekana?"

"Inawezekana," Fumie alisema.

"Haiwezekani," alisema Bibi Dewa.

Wote watatu walimgeukia. Bibi alikuwa ameinamia boksi, miwani imemshuka puani.

"Nani kaweka fundo hili kwenye zawadi ya shukrani? Dukani hawana adabu siku hizi? Shukrani huwekewa upinde, fundo la kipepeo, unavuta ncha linafunguka, unafunga tena. Maana yake tuonane tena, nikushukuru tena. Hili hapa ukilivuta linakaza. Hili ni la harusi! Kwa kitu ambacho mtu anataka kitokee mara moja tu, basi."

"Labda muuza duka kakosea," Chise alisema.

"Muuza duka gani mwenye mwandiko huu?" Bibi Dewa aliguna. "Mzee wangu anajifunza brashi mwaka wa kumi, bado anaandika kama kuku kachakura. Huu mkono umetulia. Huu umeandikwa mezani, nyumbani, mtu kakaa."

Fumie aliuchukua ukanda, akaupeleka kwenye mwanga mchache wa kidirisha. Wino ulikuwa umekauka zamani. Afisa wa zamu alikuwa ametaja kitu kingine kwenye ile simu ya kwanza, kitu alichokipitisha haraka kwa kudhani hakina maana: mzee alikuwa na duka la vifaa vya kuandikia mtaa wa Maruyama, miaka arobaini na moja, kabla ya kustaafu. Kalamu, bahasha, na kanda za zawadi. Mtu aliyewauzia watu wa mtaa mzima mafundo kwa miaka arobaini na moja, akiwaambia hili la harusi, hili la shukrani, hili la msiba, hakosei fundo.

Aliandika akiwa nyumbani, hata kabla hajajua kama Mitsue yupo duniani. Alijua atamsumbua mwongozaji, akamwandalia maandazi ya kumwomba radhi. Na alipomwona mwanamke analia kituoni, akaona njia nzuri zaidi ya kutomsumbua hata kidogo: kujaza kiti chake ili hesabu itimie, basi liondoke kwa wakati, asiwepo mtu wa kumngoja. Alijifuta vizuri kiasi kwamba hakuna aliyeona nafasi aliyoiacha.

"Mama Orikasa. Kila neno alilokwambia. Usichague la maana, niambie yote."

Mitsue alipangusa pua. "Alisema hali ya hewa itakuwa mbaya, nikae upande wa dereva kwa sababu kuna joto. Alisema mjukuu akizaliwa kabla ya siku zake apewe jina la mtu mvumilivu. Akaenda kwenye mashine ya vinywaji akanunua makopo mawili ya chai ya moto. Nikadhani moja ni langu. Akayaweka yote mfukoni, moja huku, moja huku. Nikasema, unakunywa mawili, mzee? Akasema moja ni la mke wangu, ananisubiri juu."

"Juu wapi?"

"Juu tu. Nikadhani hoteli, ghorofani."

Fumie alimpigia binti wa mzee, Yoriko, aliyekuwa amekaa jikoni kwa baba yake katikati ya zile funguo zenye vikaratasi.

"Ziwa Toya?" Yoriko alisema. "Hawajawahi kunipeleka. Hawakuwa watu wa kusafiri, duka lilikuwa halifungwi. Ngoja... kuna picha moja. Ilikuwa imetundikwa siku zote kwenye altare ndogo ya hapa nyumbani ya kumkumbukia mama, leo haipo. Lakini niliipiga kwa simu siku ya mazishi."

"Itume."

"Inspekta, baba yangu..."

"Itume kwanza, dada. Tutaongea baadaye. Nakuahidi tutaongea."

Picha ilikuja kwa vipande, kutoka juu kwenda chini, kama pazia linaloteremshwa na mtu mvivu. Anga. Kilele cha paa la mbao. Asilimia saba. Kisha vichwa viwili: kijana mwenye tai nyembamba, msichana aliyefumba macho kwa sababu ya jua. Benchi. Nyuma yao maji, na juu ya maji visiwa. Hapakuwa na kibao, wala jina la mahali.

"Ziwa lote limejaa mabenchi," Bibi Dewa alinong'ona.

Fumie alimpa Chise simu.

"Wewe unapita pale mara ngapi kwa wiki?"

"Nne. Lakini afande, mimi ndiye niliye..."

"Sikuulizi uliyemwacha. Nakuuliza unachokijua. Angalia."

Chise aliangalia. Mwanzoni macho yake hayakuwa yakiona kitu. Kisha mkono wake ukainuka wenyewe, kiganja wazi, jinsi anavyofanya akiwa amesimama mbele ya basi na kipaza sauti, na akaanza kuzungumza kwa ile sauti yake ya kazini, nyembamba na safi.

"Mkono wenu wa kulia, wageni wetu, ni visiwa vinne vya katikati ya ziwa. Kutoka gatini tunaona vitatu tu, kwa sababu kile kidogo kabisa hujificha nyuma ya kikubwa..." Alisimama. "Hapa kimetoka. Kiko peke yake, kushoto. Kwa hiyo wamekaa mashariki ya gati, na juu, maana vilele vya visiwa vimelingana na maji ya nyuma. Na paa hili lina ncha mbili." Aliinua macho. "Ni banda la zamani la kutazamia ziwa. Juu ya duka la manju. Hatupeleki wageni siku hizi, ngazi zilibomoka, zimefungwa kamba. Hakuna mtu anayekwenda huko, afande. Hakuna kabisa."

Fumie alipanda tena juu ya gunia.

"Haga. Duka la manju mashariki ya gati. Nyuma yake kuna ngazi zimefungwa kamba, juu kuna banda lenye paa la ncha mbili. Chukua blanketi na mtu wa pili."

"Nalijua. Tulikuwa tunakwenda kuvutia sigara tukiwa sekondari." Injini ilinguruma. "Tingatinga litafika dukani. Ngazi nitapanda kwa miguu."

Kisha hapakuwa na kitu cha kufanya.

Walikaa juu ya viazi. Simu ilikuwa kwenye kizingiti cha kidirisha, asilimia nne, na hakuna aliyethubutu kuiwasha kutazama saa. Weupe wa kioo uligeuka bluu, kisha kijivu. Kule ukumbini abiria walikuwa wameacha kuzungumza, kwa kuwa habari ilishavuja chini ya mlango, na Bibi Dewa hakuwa mtu wa kuizuia. Mzee wake aliingia, akaweka kandili ya betri juu ya gunia, akatoka. Mitsue alivua glavu, akazikunja moja juu ya nyingine magotini, akakaa na mikono mitupu.

"Zivae, mama," Fumie alisema.

"Hapana."

Chise alikuwa akitikisa midomo. Fumie alidhani anaomba. Aliposikiliza vizuri, alikuwa anahesabu: moja, mbili, tatu, hadi tisa, anarudi mwanzo.

Simu ilipolia, wote wanne waliruka.

Kwanza ulisikika upepo, na mtu anayehema kwa mdomo. "Yupo," Haga alisema. "Yupo, Inspekta. Kakaa kwenye benchi. Anapumua, anaongea kidogo, vidole vibaya. Kuna kopo la chai pembeni yake halijafunguliwa, na picha kwenye fremu. Tumemfunga blanketi. Hataki kushuka. Nimemwambia jina lako, nimemwambia binti yake, hasikii. Anauliza kitu kimoja tu."

"Nini?"

"Anauliza kama basi lilichelewa."

Fumie aliishusha simu sikioni. Alikuwa na maneno ya kipolisi kwa hali kama hii, alifundishwa na kuyafundisha wengine, na hata moja halikufaa. Alishuka kwenye gunia, akamkabidhi Chise simu.

"Jibu. Ni abiria wako."

Chise alivaa kofia yake. Aliinyosha, akapanda pale kidirishani, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Mzee Kurimoto? Mimi ni Minagawa, mwongozaji wako." Alisikiliza. "Ndiyo, basi limechelewa. Limechelewa sana. Limesimama, haliendi popote, sote tuko hapa mlimani. Hapana, mzee, usiombe radhi. Sikiliza. Nimehesabu, mtu mmoja hayupo, na sisi hatumwachi mtu. Nilikwambia asubuhi, unakumbuka? Mama Orikasa ana glavu zako, amekataa kuzivaa, mikono yake inaganda. Bibi wa kiti cha kumi na nne anasema mwandiko wako ni mzuri lakini fundo umekosea, anataka kukugombeza."

"Nitamgombeza kweli!" Bibi Dewa alipaza sauti kuelekea kidirishani.

"Umemsikia? Kwa hiyo tafadhali, shuka na Konstebo Haga, pole pole, ngazi ni mbovu. Wageni wetu tunawaomba washike..."

Kioo cha simu kilizimika mkononi mwake.

Alibaki ameishika sikioni. Hakuna aliyejua kama neno la mwisho limefika, wala kama lile la kwanza lilifika. Nje palikuwa giza, na theluji ilizidi kupiga.

Kisha dereva wa basi akaingia mbio, amebeba redio yake ya upepo, ambayo tangu saa nane ilikuwa haitoi kitu ila mkwaruzo wa watu wa barabara.

"Kuna tingatinga la Toya linaita," alisema. "Sijui wamepataje masafa yetu. Wanasema niwape ujumbe ninyi, halafu sijauelewa."

"Wanasemaje?" Fumie aliuliza.

"Wanasema wanashuka. Wote watatu. Na mzee anauliza hilo fundo lirekebishweje."

Mitsue alizichukua zile glavu magotini, akazivaa polepole, kidole kimoja kimoja. Chise alichukua fomu yake ya hesabu kutoka mfukoni. Palipoandikwa thelathini na nne alikata mstari, akaandika thelathini na tano, akaipiga mhuri wake mdogo pembeni, kama kanuni inavyotaka.